Nimeoa nikijua figo zake hazifanyi kazi. Sasa shida si ndoa, shida ni nani atoe figo (uzi mrefu)

Mtoto wa Likoni (mleta uzi):

Wadau, salamu.

Nimefuatilia humu mabishano ya tamthilia za mapenzi na maradhi. Zile ambazo binti anakohoa damu kwenye leso nyeupe sehemu ya tatu, na sehemu ya kumi anazikwa mvua ikinyesha, mvulana amesimama peke yake makaburini kama hakuna majirani. Nimeona na mimi nilete yangu. Yangu haina mvua. Ina mizani, feri, na wakwe.

Mimi ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Mke wangu ni mpakaji wa hina, na maharusi wengi wa Likoni na Mtongwe wamepita mkononi mwake. Kuandika humu amenipa ruhusa, na ameniambia atakuwa anasoma, kwa hiyo nikipiga chumvi nitaumbuliwa.

Tulikuwa wachumba. Barua imepelekwa, mahari yamepokelewa, harusi imepangwa Mfungo Mosi. Miezi michache kabla, akaanza kuamka uso umevimba. Ikifika adhuhuri uso unashuka, jioni inavimba miguu. Tukasema joto la Kaskazi. Akaanza kutapika, duka la dawa likampa dawa za malaria, wiki iliyofuata za taifodi. Mama mkwe akasema ni kijicho cha watu wa harusi, akaletwa mtu akasoma. Aliyekuja kutufungua macho ni msichana mmoja anayesomea uuguzi. Alikuja kupakwa hina, akamwona mwenzangu anasimama kila mara kushika kichwa, akatoa kipimo chake cha presha begini. Ilikuwa 210 kwa 130. Msichana wa watu akaondoka na hina mkono mmoja tu, kumsindikiza mgonjwa hospitali.

Kule wakapima damu, wakampiga picha ya tumbo. Figo zote mbili zimesinyaa. Daktari akasema zikishafika hapo ni vigumu hata kujua chanzo kilikuwa nini, presha iliua figo au figo ndizo zilizopandisha presha. Usiku huohuo akawekwa mpira shingoni na kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Ana miaka 26.

Mimi nilikuwa nje ya mlango. Nesi akatoka na karatasi ya kutia sahihi, akaniuliza: "Wewe ni nani wake?" Nikasema mchumba. Akaangalia nyuma yangu, akauliza kama kuna mtu wa familia. Nimelipa mahari, nimemleta kwa tuktuk nikimshika kichwa, na pale sina hata haki ya kushika kalamu. Kaka yake akatia sahihi. Mkumbuke huyo kaka, tutarudi kwake.

Siku ya tatu baba yake alikuja kwetu. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa na siku ile ilikuwa Jumanne. Akakaa, akakataa chai, akatoa bahasha. Mahari yote, hayakupungua hata ndururu. Akamwambia baba yangu: "Binti yangu ameshakuwa mtu wa hospitali. Kijana wenu msimfunge." Baba yangu mtu wa maneno mengi, kila jambo ana methali yake. Siku ile alikosa la kusema. Mama akaenda jikoni na akakaa huko.

Ile bahasha ilikaa mezani mpaka magharibi. Naendelea baadaye, kuna meli imefunga gati na simu hazinyamazi.

Mwana wa Majengo:

Nimeweka mkeka hapa. Mleta uzi usituache njiani kama wale wengine.

Chalinze Express:

Mkuu, bahasha ilirudi au haikurudi? Hilo tu. Meli itasubiri.

Kaskazi:

Nina swali la kitaalamu kidogo. Alikuwa anakula sana zile dawa za maumivu za dukani? Maana naambiwa ndizo zinazoua figo za vijana siku hizi.

Muuguzi wa Zamu:

Kaskazi, zinachangia, hasa aina ya diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kila siku kwa muda mrefu bila kupimwa. Lakini usimfanye mgonjwa mshtakiwa. Wapo wanaougua kwa uvimbe wa vichujio vya figo ambao hawakuwahi kumeza chochote. Dalili alizotaja mleta uzi ndizo: uso kuvimba asubuhi, mkojo wenye povu lisilokatika, presha ya juu kwa kijana, kichefuchefu. Presha haina maumivu, ndiyo maana watu hupimwa wakati maji yameshazidi unga. Kipimo cha presha na cha mkojo ni kati ya vile vya bei ya chini hospitalini.

Mtoto wa Likoni (mleta uzi):

Bahasha ilirudi, Chalinze. Niliibeba mwenyewe, nikapanda feri, nikampelekea yeye wodini badala ya baba yake. Nikaiweka juu ya kabati. Akauliza ni nini, nikasema ni pesa zako, baba yako anataka kuniuzia uhuru. Akacheka mpaka mpira wa shingoni ukamuuma. Halafu akaacha kucheka, akaniambia nisimuoe kwa huruma, kwa sababu huruma huisha kabla ya mwezi. Nikamwambia sina huruma ya kumpa, nina chumba kimoja na baraza pale Likoni. Tukaachana hapo.

Mama yangu alikuwa tatizo la pili. Hakumkataa. Alisema, "Mwanangu, mimi simkatai, nakuhurumia wewe." Kwa wazee wa kwetu hiyo ni njia ya kukataa bila kubeba lawama. Nilikaa naye usiku kucha. Alitaka kujua mambo mawili: atazaa? Na mimi nitakula nini, pesa zote zikienda kwenye mashine? La kwanza nilimwambia sijui. La pili nilimpigia hesabu. Mashine moja bima inalipia 10,650, mara mbili kwa wiki. Bila bima ni zaidi ya 85,000 kwa mwezi, mshahara wangu hauoni hata mlango wa pesa hiyo. Bima ikilipa, linalobaki ni nauli, dawa za presha, sindano za kuongeza damu na vipimo. Si kidogo, lakini mtu hafi njaa.

Nikaharakisha nikahi. Watu walidhani ni mapenzi motomoto, na mapenzi yalikuwepo, lakini mimi nilikuwa nataka pia cheti. Sikutaka kuulizwa tena mimi ni nani wake. Tuliozeshwa Ijumaa, kwa sababu mashine yake ni Jumatatu na Alhamisi, na siku ya pili yake ndiyo huwa na nguvu. SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, nikamwandikisha kama mke, mchango mmoja wa nyumba, asilimia 2.75 ya mshahara wangu inakatwa kabla sijaiona.

Niwaambie la hina. Wakati wa harusi alikuwa ameshapasuliwa mkono wa kushoto, mshipa wa ateri umeunganishwa na wa vena ili sindano za mashine zipite. Pale mahali panavimba kama kamba chini ya ngozi, ukiweka kidole panatetema, ukiweka sikio unasikia panavuma. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo, haulaliwi. Waliokuja kumpaka wakataka kuuficha ule uvimbe kwa maua makubwa. Akawanyang'anya piko, akajichora mwenyewe kwa mkono wa kulia: ua la kutambaa limeufuata ule mshipa kuanzia kifundoni hadi kiwikoni, majani huku na huku. Picha za harusi zote mkono ule uko mbele.

MamaTumu:

Haya, nimesoma. Hongera. Lakini naomba niwe mchungu kidogo.

Mume wangu aliugua sukari ikamla mguu. Nimemwogesha, nimemvisha, nimemsukuma kitoroli Mwembe Tayari juani, na hakuna aliyeniletea bahasha kuniambia nisifungwe. Dada wa mume aliniambia "ndio unyumba huo". Humu mwanamume akikaa na mke mgonjwa anaanzisha uzi na watu wanatandika mikeka. Mwanamke akikaa na mume mgonjwa ni Jumatano tu ya kawaida. Sikulaumu wewe kijana, nasema nao hawa wenye mikeka.

Mwana wa Majengo:

Mkeka wangu umeguswa. Lakini mama umesema kweli.

Mtoto wa Likoni (mleta uzi):

MamaTumu, shikamoo. Sina cha kujibu hapo. Anzisha uzi wako, mimi nitakuwa wa kwanza kukaa chini.

Nahodha wa Tudor:

Wacha niwape kisa cha kweli kinachofanana na tamthilia kuliko tamthilia. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Waliopasuliwa walikuwa mapacha wa kufanana, Richard na Ronald Herrick. Ronald alimpa nduguye figo. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa yai moja, mwili haukuikataa. Daktari Joseph Murray baadaye akapewa Tuzo ya Nobel, 1990. Sasa utamu uko hapa: Richard alipopata nafuu akamuoa nesi aliyemuuguza pale wodini, wakapata watoto wawili, akaishi miaka 8 zaidi. Aliyeingia hospitali kufa akatoka na mchumba.

Muuguzi wa Zamu:

Nahodha, usiwape wagonjwa mawazo. Zamu zenyewe hazitoshi kwa mishahara, tukianza kuposwa tutamaliza kazi saa ngapi?

Kaskazi:

Nina mzee mmoja upande wa Kaloleni ana mizizi, watu watatu nawajua wameacha mashine. Mleta uzi nikupe njia ya kumpata?

Muuguzi wa Zamu:

Kaskazi, hao watatu wako hai? Sikuulizi kwa kejeli. Mgonjwa wa figo zilizosinyaa akiacha mashine, sumu na maji hujaa ndani ya siku chache hadi wiki mbili tatu. Anakuja kwetu amebebwa, mapafu yamejaa maji, na mzee wa mizizi hayupo kwenye msafara. Na si mizizi tu. Ninyi mnaopenda achari ya birimbi, mgonjwa wa figo msimpe. Birimbi lina oksaleti nyingi, kemikali inayoganda ndani ya figo, linaumiza hata figo nzima likinywewa kama juisi. Na lile tunda lenye umbo la nyota, ndugu yake birimbi, kwa mtu wa mashine linaweza kumpeleka kwenye degedege na kifo. Hatuchezi.

Chalinze Express:

Kwa hiyo anakula nini sasa? Mimi nilidhani mgonjwa anatakiwa matunda na madafu.

Mtoto wa Likoni (mleta uzi):

Chalinze, hapo umegusa kidonda. Kwa mtu wa pwani ugonjwa huu ni kama adui alikaa akaandika orodha ya kila unachokipenda. Figo ndizo zinazotoa madini ya potasiamu mwilini. Zikifa, potasiamu inabaki kwenye damu, na ikizidi inasimamisha moyo. Sasa nitajie penye potasiamu: madafu, ndizi, tende, mabuyu, mbaazi, muhogo, viazi karai. Hiyo ni Mama Ngina yote, pale ufukweni watu wanapopunga upepo, kuanzia muuza muhogo wa kwanza hadi wa mwisho. Uchumba wetu ulikuwa pale. Leo tukienda, tunaangalia meli.

Na maji. Hakojoi tena ila kidogo sana, kwa hiyo anachokunywa kinakaa. Ameambiwa nusu lita juu ya kile anachokojoa kwa siku. Nusu lita, Februari, Mombasa. Nyumbani tuna vile vikombe vidogo vya kahawa chungu. Asubuhi anajaza chupa yake ya siku, anakunywa kwa kikombe hicho, akimaliza amemaliza. Jioni anafyonza kipande cha barafu chenye ndimu. Kila Jumatatu na Alhamisi anapanda mizani kabla ya mashine, na ile mizani inasema kila kitu. Akizidisha kilo tatu nne za maji, mashine itamvuta kwa nguvu, presha itaanguka, misuli ya miguu itakaza na atapiga kelele. Kila mara anakaa kwenye mashine muda wa saa nne. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya mizani nikisoma kilo kwa sauti kama karani wa bandari nilivyo, mpaka siku moja akaniambia nikaisome ya makontena.

Kurudi ni feri. Waenda kwa miguu hatulipi, lakini tunalipa kwa mabega. Akitoka kwenye mashine miguu haina nguvu. Namweka upande wa chuma, mkono wa kushoto ndani, mimi nje, watu wote elfu na baiskeli zao na mikokoteni ya mboga wakimiminika pale mlango ukishuka. Amewahi kuanguka mara moja. Mzee mmoja wa mkokoteni akashusha magunia yake mawili ya vitunguu, akampandisha yeye, akamsukuma mpaka stendi ya matatu. Hakutaka hata shilingi.

Sasa nifike kwenye swali langu. Mashine si makazi. Tunataka kupandikiza. Damu yangu ni B, yake ni O, mimi siwezi kumpa. Nilipima nikiwa na uhakika kwamba Mungu atanipa hilo, na karatasi ilipotoka niliikunja nikaenda kukaa msikitini. Yule kaka yake aliyetia sahihi ni O. Alisema mwenyewe, mbele ya baba yake, "Yangu ipo." Akaenda akapima hatua ya kwanza. Halafu akanyamaza. Simu hapokei, Idi hakuja. Mimi shemeji yangu nimemweka moyoni vibaya. Mtu akikuahidi figo halafu akapotea, unamwambiaje? Unadaije figo?

Mwana wa Majengo:

Duh.

Chalinze Express:

Haidaiwi hiyo. Pesa unadai, ng'ombe unadai. Kiungo cha mtu unasubiri.

Ustadh Mstaafu:

Assalaam alaykum. Nimekuja kwa upande mmoja tu. Wapo watu wanaowaambia wagonjwa kutoa figo ni haramu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilikaa Jidda mwaka 1988 likaruhusu mtu mzima aliye hai kutoa kiungo kwa mwenzake, kwa masharti: yeye asidhurike dhara la kumharibia maisha, atoe kwa hiari, na kisiuzwe. Neno la hiari lina uzito. Mtu aliyeshikwa haya mbele ya baba yake akasema "yangu ipo" huenda hiari yake haijatimia. Mleta uzi, usimhukumu shemeji yako kabla hujamsikia. Na sheria ya nchi nayo, Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, inataka ridhaa ya maandishi na inakataza biashara ya viungo.

Kaskazi:

Ustadh, na aibu za ndoa je? Mwanamke anatakiwa kueleza ugonjwa kabla ya nikahi, sivyo?

Ustadh Mstaafu:

Ni hivyo, na mwanamume pia. Na hapa ilielezwa mpaka mahari yakarudishwa. Umesoma uzi au umesoma kichwa?

Hina na Asumini:

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye mgonjwa.

Nawashukuru wote mlioniombea dua. MamaTumu, nakubusu mikono. Sasa nisahihishe.

La kwanza. Bahasha. Anasema nilicheka. Nilicheka, lakini hakuwaambia kwamba niliihesabu. Niliihesabu kwa sababu usiku ule nilikuwa nimeamua kuzichukua zile pesa, nikalipie mashine, na nisiolewe na mtu. Nilitaka kuugua kwangu, kwa mama yangu, bila mtu kuniangalia usoni kila asubuhi kama nimevimba. Mtu akiumwa kila mtu anamuuliza anaumwa wapi, hakuna anayemuuliza kama anataka kuolewa. Nilikaa siku nyingi kabla ya kumwambia ndiyo, na sikusema ndiyo kwa sababu ya maneno yake. Nilisema ndiyo kwa sababu alikuja siku ya mashine akakaa saa nne bila kuniuliza najisikiaje. Alikuwa anakula njugu na kulalamika kuhusu mkubwa wake wa kazi. Nikaona huyu naweza kuzoeana naye.

La pili. Mkono wa hina. Si ushujaa. Walikuwa wanachora vibaya.

La tatu ndilo lililonitoa huko nilikokuwa, kwa sababu naona kaka yangu anasemwa na watu wasiomjua, na wa kwanza kumsema ni mume wangu.

Kaka hakutoroka. Mke wake alikuja kwangu. Alikuja peke yake, mume wangu yuko kazini, amemfunga mtoto mgongoni na ana mimba ya pili. Wifi yangu na mimi tunapendana, nilimpaka hina mimi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, nikampa chai akaishika hakuinywa mpaka ikaganda utando. Akasema, "Wifi, sikuja kukataa. Nimekuja kukuuliza, yeye akibaki na moja na hiyo moja ikaja kuharibika kama zako, mimi nitaenda kuomba kwa nani?" Kaka ni kuli, anabeba gunia. Wakimpasua atakaa miezi bila kubeba, na wao wanakula anachobeba leo.

Mimi ndiye niliyempigia kaka simu nikamwambia basi, sitaki figo yake. Nikamwambia asije Idi mpaka nimtulize mume wangu. Akalia. Mume wangu sikumwambia, kwa sababu namjua, angeenda pale na maneno mazuri mazuri, wifi angeona haya, na angekubali. Sitaki figo ya haya. Nitaishi nayo ndani ya tumbo langu, kila nikimwona wifi itakuwa inaniangalia.

Sasa umejua, baba. Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu.

Mwana wa Majengo:

Jamani.

Nahodha wa Tudor:

Naomba tusimshangilie haraka. Dada, kwa heshima, hiyo ni hukumu ya kifo umejipa kwa ajili ya adabu.

MamaTumu:

Nahodha, hukumu gani? Mtoto wa watu anaishi kwa mashine, wapo walioishi nayo miaka na miaka. Na yule wifi hakuuliza ujinga. Ameuliza swali ambalo wanaume hawa wote hawakuliuliza, kwa sababu hawapiki wao.

Chalinze Express:

Mimi niko upande wa Nahodha. Familia ingekaa chini. Pesa za gunia zinachangwa, harambee inaitishwa. Figo haichangwi.

Muuguzi wa Zamu:

Nisemee swali la wifi, maana ni la haki na lina jibu. Mtoaji hachukuliwi hivihivi. Anapimwa presha, sukari, mkojo, figo zote mbili kwa picha, moyo, na akionekana ana dalili yoyote ya kuja kuugua figo anakataliwa yeye kwanza. Figo inayobaki huongeza kazi na kukua kidogo. Hatari ya baadaye ipo, ni ndogo lakini si sifuri, na asiwadanganye mtu kwamba ni sifuri. Mtoaji apimwe presha na mkojo kila mwaka maisha yake yote. Kazi nzito za kunyanyua huachwa wiki kadhaa, kwa kuli ni vizuri kuhesabu miezi miwili mitatu. Huyo wifi angeitwa akae na daktari, aulize yeye mwenyewe, bila wakwe chumbani. Akitoka pale na bado anasema hapana, ni hapana.

Na kupandikiza nako si kupona. Ni dawa za kuzuia mwili usiikatae, kila siku, saa ileile, maisha yote. Figo mpya inawekwa chini tumboni karibu na nyonga, za zamani mara nyingi zinaachwa palepale. Na mtoto, maana najua litaulizwa: baada ya kupandikizwa wapo wanaozaa, ila husubiri mwaka mmoja au zaidi, na dawa nyingine hubadilishwa kwanza.

Kaskazi:

Ndilo nililotaka kuuliza, la mtoto.

Hina na Asumini:

Tulijua, Kaskazi.

Mtoto wa Likoni (mleta uzi):

Nimesoma nikiwa kazini. Nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa kwenye feri nikataka kumpigia nikaona niandike hapahapa alipoandika.

Nimeshuka ng'ambo ya pili, sikwenda nyumbani, nimekwenda kwa shemeji. Nimemkuta amekaa nje kwenye gunia tupu, mtoto amemlalia. Tumesalimiana. Hakuna aliyetaja figo. Wifi ametuletea mahamri na mbaazi, nikala nne. Nimemwambia shemeji aje Jumapili, akasema atakuja na mkewe.

Nahodha, Chalinze, nawaelewa. Usiku niko upande wenu. Mchana nikimwona yule mama na mimba yake, niko upande wa mke wangu. Sijui nitakaa upande upi na sitajifanya najua.

Chalinze Express:

Sawa, tumekusikia. Lakini swali la kichwa cha uzi bado. Figo inatoka wapi?

Nahodha wa Tudor:

Nchi nyingine wana utaratibu wa kubadilishana, mume wa huyu anampa mke wa yule, na mume wa yule anampa mke wa huyu, damu zikioana. Muuguzi, hapa kwetu?

Muuguzi wa Zamu:

Muulize daktari wenu wa figo, mimi nisiwape tumaini nisilolishika mkononi. Ila waambieni ndugu wote wa damu wapimwe kundi la damu tu kwanza. Kupima si kuahidi. Hilo lisemwe mwanzo, mbele ya wote, kabla ya mtu kutoa mkono.

MamaTumu:

Mwanangu Hina, nipe namna unavyopika viazi. Dada yangu naye ameanza mashine na analia viazi kila siku.

Hina na Asumini:

Mama yangu, shikamoo. Vimenye, vikate vyembamba sana, viloweke kwenye maji mengi, mwaga. Chemsha kwa maji mapya mengi, yakichemka vizuri mwaga, weka mengine, viive humo, mwaga tena. Hapo potasiamu imepungua, haijaisha. Halafu vikaange kidogo na kitunguu na ndimu, chumvi chache mno. Vipande vichache, si sahani. Havina ladha ya karai, nisikudanganye, lakini mdomo unatulia. Na asitumie ile chumvi ya dukani wanayosema ni ya wagonjwa wa presha bila kumuuliza daktari, mara nyingi imejaa potasiamu.

MamaTumu:

Mungu akuweke.

Chalinze Express:

Dada Hina, mimi king'ang'anizi. Hakuna ndugu mwingine?

Hina na Asumini:

Yupo mdogo wangu wa kike, yuko Malindi. Ametimiza miaka 18 mwezi uliopita, na zawadi aliyoitaka ni nauli ya kuja Mombasa kupimwa. Damu yake ni O. Nimemwambia amalize shule kwanza, asinizoee.

Muuguzi wa Zamu:

Kisheria ni mtu mzima. Lakini madaktari wengi watasita kumkata binti wa miaka 18 ambaye hajazaa na hajaanza maisha. Ulimwambia sawa.

Hina na Asumini:

Ndivyo nilivyomwambia. Kanuna. Tangu juzi hapokei simu yangu, anapokea ya shemeji yake tu.

Mtoto wa Likoni (mleta uzi):

Amenipigia sasa hivi. Anauliza nauli ya basi la alfajiri ni kiasi gani.